Vidato Ishirini

Binti yangu alianza kulalamika mwezi wa Novemba. Kila alipoweka kidole kwenye uzi wa pili, karibu na kichwa cha gitaa, sauti haikutoka. Ulitoka mtetemo mkavu, kama inzi aliyenaswa baina ya pazia na kioo. Nilimwambia abonyeze zaidi. Akabonyeza hadi ncha za vidole zikaiva, na inzi akabaki pale pale. Mwishowe alilileta gitaa mezani, jikoni, akawasha taa ya simu na kunionyesha. Katika vidato vitatu vya mwanzo, chini ya kila uzi mwembamba, waya ulikuwa umelika na kuacha mifereji midogo inayong'aa.

"Baba, si mimi," alisema. "Ni gitaa."

Neno kidato nililirithi pamoja na gitaa lenyewe. Wapigaji wengi wa Kiswahili husema freti, nami sina ugomvi nao. Lakini marehemu baba alikulia Pangani, katikati ya minazi, kabla ya kuhamia Tanga kufanya kazi ya reli, na zile nyaya zinazokatiza shingo ya gitaa aliziita vidato, kwa jina la yale makato ambayo mkwezi huyachonga kwenye shina la mnazi ili apate pa kukanyaga. Alisema kuwa vidole navyo hukwea. Sijapata kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo na mtu mwingine yeyote, na kwa muda mrefu niliamini kuwa ni la nyumbani kwetu tu, kama majina ya utani ya watoto.

Labda ndivyo ilivyo, kwa sababu pwani yetu haikuwa na haja kubwa ya neno hilo. Chombo kikuu cha taarabu ya zamani ni udi, na udi tunaoujua leo hauna vidato. Shingo yake ni tupu, na mpigaji huitafuta sauti kwa sikio. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: al-Farabi, katika karne ya 10, alieleza kwa urefu udi uliofungwa vidato shingoni. Baadaye vikaachwa, na udi ukabaki huru kuzifikia zile sauti za katikati ambazo maqam kama Rast na Bayati haziwezi kukaa bila ya hizo. Gitaa haliwezi. Vidato vyake vimepangwa kwa hesabu isiyobembelezwa: chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 17.817, hapo ndipo kidato cha kwanza; kisha chukua urefu uliobaki, ugawe tena vivyo hivyo. Kwa uzi wa milimita 650 kidato cha kwanza hukaa milimita 36 na nusu kutoka mwanzo wa shingo, iwe Tanga, iwe Toronto. Na hata hivyo ni Tanga, mji wetu, ambako vikundi vya Black Star na Lucky Star vililiingiza gitaa la umeme katika taarabu, tena kwa namna iliyoigwa pwani nzima. Hilo nitalirudia.

Gitaa letu ni Yamaha la Kijapani ambalo baba alilinunua Mombasa mwaka 1971. Alilipiga jioni, kibarazani, akiwa bado na suruali ya kazi. Alipenda nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mjini kwetu, lakini aliyemhusudu kwa dhati alikuwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa namna ambayo mtu mmoja husikika kama wawili. Baba alijaribu miaka yote kuwa wawili. Nadhani hakufika, ila alikaribia kiasi cha kumfurahisha mwenyewe. Alipofariki, gitaa lilibaki juu ya kabati la mama hadi mwaka 2016, dada yangu alipokuja kututembelea Kanada akaja nalo, limefungwa kwa kanga mbili ndani ya sanduku la kadibodi.

Tunakaa Vaughan, kaskazini tu ya Toronto, mahali ambapo reli ya chini ya ardhi inakomea tangu Desemba 2017. Ni mji wa barabara pana na maegesho mapana zaidi. Kiswahili kipo, ukijua pa kukitega sikio: katika maduka ya Bathurst Street nimewasikia wazee wa Kikhoja, wazaliwa wa Unguja na wa bara, wakibishana juu ya bei ya maembe kwa lafudhi ambayo hata huko walikotoka sasa ni adimu. Upande wa Concord, kuzunguka uwanja mkubwa wa treni za mizigo wa MacMillan, kuna safu za majengo ya chini ya matofali ambamo watu hutengeneza chochote: breki, makabati, keki za harusi. Katika moja ya safu hizo nilielekezwa kwa fundi wa magitaa, mzee wa asili ya Kiitaliano. Eneo hili halikosi mafundi wa aina yake. Jean Larrivée alianzia kazi yake Toronto, na miaka ya 1970 walipitia mikononi mwake wanafunzi kama Linda Manzer na Grit Laskin, ambao leo majina yao yanatajwa kwa heshima popote gitaa linapochongwa kwa mkono.

Nilikwenda Jumamosi, kwa basi la Highway 7, gitaa nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Mabehewa yalikuwa yakigongana uwanjani, na kishindo hicho kilinipeleka nyumbani kuliko harufu ya chakula chochote. Tanga ni mji wa reli. Ndiko ilikoanzia ile ya Usambara mwaka 1893.

Fundi hakuuliza historia. Alipitisha kiganja pembeni mwa shingo, akaguna. Ncha za nyaya zilikuwa zimechomoza nje ya ubao, zinakwaruza. "Limetoka mahali penye bahari," alisema. Sikuwa nimemwambia. Alinieleza kwamba mbao hunywea na chuma hakinywei: ndani ya nyumba zetu, tanuru likiwaka kuanzia Novemba hadi Aprili, unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 30 usipoangaliwa, ubao uliozoea hewa ya chumvi husinyaa, na nyaya hubaki na urefu wao wa zamani. Gitaa linataka asilimia 45 hadi 50. Nilimtazama kama mtu anayesomewa shtaka. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimelitundika ukutani, juu ya tundu la hewa ya moto, ili wageni walione.

Kisha akapima. Kwenye kidato cha pili, mahali ambapo palikuwa hapajaguswa, waya ulikuwa na kimo cha karibu milimita moja. Ndani ya mfereji, chini ya nusu ya milimita. Kusawazisha vyote vilingane na shimo la chini kabisa kungeacha waya bapa usioshikika. Ilibidi ving'olewe vyote ishirini na kutiwa vipya. Akavuta droo, akanimwagia mezani vipande vya nyaya kama mchuuzi wa shanga.

Waya wa kidato, ukiukata na kuutazama mkato wake, unafanana na uyoga: kichwa kilichoviringa juu, shina jembamba chini, na vijino vidogo ubavuni mwa shina. Nyuzi hulalia kichwa. Shina huzama ndani ya mfuo uliokatwa kwa msumeno, na vijino huung'ata ubao. Nilidhani uchaguzi wote uko kichwani. Fundi alianza na shina. Likiwa jembamba kuliko mfuo, waya utainuka na kucheza. Likiwa nene kupita kiasi, kila waya unakuwa kabari, na kabari ishirini zikipigwa mstari mmoja zinaweza kuipinda shingo nzima kinyumenyume. Katika gitaa kuukuu mifuo huwa imechoka, kwa hiyo hupimwa mmoja mmoja kwa vibamba vyembamba vya chuma kabla ya mtu kutamka neno lolote juu ya rangi au mng'aro. Kazi hiyo ilimchukua dakika kumi, nami nikanyamaza.

Alipofika kidato cha saba alisimama. "Na huyu nani kamtia?"

Kilikuwa cha manjano. Nilikuwa nimekisahau. Nikiwa na umri wa miaka sita au saba baba alinichukua hadi kwa sonara mmoja wa Ngamiani, kwa sababu waya wa saba ulikuwa umechomoka na kupotea na hakuna duka Tanga lililouza kitu kama hicho. Sonara alicheka, akauliza kama gitaa linaposwa. Kisha akachukua kijiti cha shaba ya manjano, akakipiga, akakipiga tupa, akakijaribu, akakitoa, akakirudisha, mchana kutwa, na hakutaka malipo zaidi ya kusikia wimbo mmoja. Mtaliano yule alikitazama kwa kioo cha jicho muda mrefu. "Hakuwa na vijino," alisema. "Amekwaruza ubavu wa shina kwa patasi ili ushike. Si vibaya."

Sasa madini. Waya wa kawaida, uliomo katika magitaa mengi duniani, huitwa nikeli-silva, na hauna hata chembe ya fedha: ni shaba kwa wingi, zinki, na nikeli inayofika kama asilimia 18. Unakubali kupigwa na kupindwa, tupa inaupenda, na unalika polepole kwa kiasi ambacho mpigaji wa kawaida huhitaji miaka mingi kuumaliza. Wa pili ni chuma cha pua kisichoshika kutu. Huo karibu hauliki, nyuzi huteleza juu yake kama juu ya barafu, na mafundi huuchukia kwa sababu unazimaliza tupa zao. Ujira wake huwa mkubwa zaidi kwa sababu hiyo, na ni haki. Watatu ni mchanganyiko wa shaba na bati, wenye chuma kidogo na titani kidogo zaidi, unaouzwa kwa jina la EVO. Ugumu wake uko kati ya hao wawili, hauna nikeli kabisa, na rangi yake ni ya dhahabu iliyovaliwa muda mrefu. Wapo wanaoapa kwamba kila madini yana sauti yake. Fundi alinipigia magitaa matatu. Sikusikia tofauti ya kunikosesha usingizi, na nina shaka na masikio yanayosoma bei kabla ya kusikiliza.

Nikeli ndiyo iliyonikamata. Binti yangu alipotobolewa masikio, akiwa na miaka tisa, hereni za bei rahisi zilimwasha hadi ndewe zikatoa maji, na daktari akasema ni nikeli. Fundi alikiri kwamba vidole hugusa nyuzi zaidi kuliko waya, na kwamba huenda kisimpate kitu. Neno "huenda" halikunitosha. Nikamwambia tutachukua ule wa manjano, na nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza kimo. Na hapo, akiwa ameinamisha taa kuutazama ubao, fundi alisema jambo alilolitupa kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Watu wawili wamelipiga gitaa hili. Mbali na mtoto."

Nilimwambia hapana, alikuwa baba peke yake. Mimi sikuwahi kujifunza, dada hakuruhusiwa kuligusa.

Akanionyesha. Kuanzia kidato cha tano hadi cha tisa nyaya zilikuwa zimelika kwa upana, chini ya nyuzi zote, na mbao baina yake ilikuwa nzima: mkono wa mtu mwenye vidole vinene na kucha fupi, anayepanda na kushuka. Chini, katika vidato vitatu vya mwanzo, mifereji ilikuwa myembamba, na mbao yenyewe ilikuwa imechimbika. Mabonde madogo, kama alama za kijiko kwenye samli, chini ya uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu. "Uzi haufanyi hivi," alisema. "Hii ni kucha. Mtu mwenye kucha ndefu za mkono wa kushoto, miaka kadhaa."

Baba alikata kucha kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, kwa wembe, akikaa juu ya kigoda. Ni moja ya picha zangu za kwanza za dunia.

Fundi alikuwa bado anazungumza. Msasa, alisema, ungeondoa mabonde yote. Ubao husawazishwa kabla ya kutia nyaya mpya, ni sehemu ya kazi, hatozi zaidi. Nilimwomba asianze mpaka nimpigie simu.

Tanga ilikuwa ishaingia usiku siku ile nilipofika nyumbani, kwa hiyo nilingoja hadi Jumapili asubuhi, ambayo kwao ni alasiri. Shikamoo, marahaba, hali za nyumba zote mbili, baridi, miguu yake, bei ya mchele. Kisha nikamuuliza mama kama kuna mtu mwingine aliyewahi kulipiga gitaa la baba.

"Nani anauliza?"

"Fundi, mama. Anasema ameona alama za kucha."

Mama hakujibu. Nilimsikia akimwambia mtu apunguze redio. Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake, cha mtu aliyekutwa.

"Nilikuwa nikilishusha baba yako akienda kazini," alisema.

Alijifunza kwa kumtazama. Baba alipenda za dansi. Yeye alitaka taarabu, zile za Black Star alizozisikia redioni, ambazo ndani yake gitaa lilizungumza mahali ambapo udi ungezungumza. Alifunga mlango wa mbele, akakaa chumbani, akapiga kwa sauti ndogo ili majirani wadhani ni redio. Mke wa mtu wa reli, mtaani kwetu, miaka ile: hakuhitaji kunieleza zaidi. Sauti zile za juu, za vidato vya mbali, hakuzifikia. Mkono wake ulikuwa mdogo, akabaki chini, hapo kwenye vitatu vya mwanzo. "Na kucha nilikuwa nazo," alisema. "Tena za hina."

"Baba alijua?"

"Alikuwa akizikuta nyuzi zimekazwa. Hakuuliza."

"Uliacha lini?"

"Ulipoanza kusema. Mtoto mwenye ulimi si wa kuwekwa chumba kimoja na siri."

Nilimweleza habari ya msasa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya kumbukumbu, sikupata nafasi. Aliuliza tu kama mtoto anaweza kupiga. Nikasema hawezi, mpaka vidato vibadilishwe. "Basi vibadilisheni, mnangoja nini?" Halafu, baada ya kitambo: "Mbao inamdhuru?" Nilisema sijui. "Muulize fundi. Kama haimdhuru, iacheni."

Fundi alinipa jibu kwa simu siku ya pili. Haidhuru. Uzi hulala juu ya nyaya. Kati ya waya na waya haugusi mbao, na ngozi ya kidole huliziba bonde bila ya mtu kujua. Tatizo lilikuwa jingine: ubao wenyewe ulikuwa na kilima kidogo karibu na kidato cha kumi na mbili, na kama hautapigwa msasa, kilima kitabaki, na nyaya mpya zitakifuata. Kazi ya kusawazisha ingelazimika kufanywa juu ya chuma badala ya mbao. Kwa hiyo waya wa kimo cha milimita 1.1 aliokuwa amenichagulia usingetosha. Ukishaupiga tupa mahali pa kilima ungebaki mdogo mno. Alishauri wa milimita 1.2, upana 2.4. Wapo wa 1.4, lakini hapo, alisema, mtu akibonyeza kwa nguvu uzi huvutika kuelekea kwenye mbao na sauti hupanda kuliko inavyopaswa. Na kile kijiti cha mfupa kinachoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo kingehitaji kuchongwa upya, kwa kuwa nyaya zimeinuka.

"Binti yako hubonyeza sana?" aliuliza.

"Nilimfundisha mwenyewe," nilisema.

Tukachukua 1.2.

Alinialika kutazama siku ya kung'oa. Alipasha kila waya moto kwa chuma cha kulehemu, kisha akaubana kwa koleo lililosagwa uso likawa bapa, akauinua kwa kuutembeza, upande mmoja hadi wa pili, bila kuvuta, maana mbao kavu humeguka kwenye midomo ya mfuo. Kila ulipotoka ulilia kidogo, mlio wa mlango wa kabati. Cha sonara kilikuwa cha mwisho, kwa makusudi, na kilikataa. Ilibidi akipashe moto mara tatu. Mbao ile, aliniambia akifuta mifuo, ni ya ukoo mmoja na mpingo. Nilimwambia mpingo naujua. Hakuonekana kushangaa, huenda alidhani watu wote wa kwetu wanaujua.

Nilikwenda kulichukua wiki ya pili ya Machi, theluji ikiwa bado imelala vivulini. Lilikuwa na mistari ishirini ya dhahabu hafifu, ncha zake zimeviringwa zisikwaruze, na mabonde matatu ya mbao yalikuwa pale pale, yamepakwa mafuta, yanaonekana kuliko zamani. Nyaya kuukuu alinirudishia ndani ya kopo la kahawa. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyotazamia. Kile cha manjano alikuwa amekifunga peke yake kwa karatasi.

Jumapili ile tulimpigia mama kwa video. Binti yangu aliamkia, akaliweka gitaa pajani, akapiga mfuatano anaoujua, wa nyimbo za shuleni, vidole vyake vikishuka vyenyewe ndani ya mabonde. Inzi hakuwepo. Mama alikuwa ameisogeza simu hadi kioo kizima kikawa sikio lake na ukingo wa kanga. Mtoto alipomaliza, tulingoja.

"Uzi wa pili umelegea," mama alisema. "Mwambie aukaze."